Umeumia na kazi ya zamani imegoma? Namna ya kuanza kuchora kwa rangi za mafuta, kutoka kwa fundi paa

Mi nilikuwa fundi wa kupaua hapa Morogoro, miaka 11 niko juu ya kenchi, mpaka siku moja nikakanyaga mbao ambayo upande mmoja ilikuwa haijapigwa msumari, tukashuka wote wawili mpaka chini. Pingili mbili za mgongo zikapata ufa, kiwiko cha mkono wa kulia kikavunjika, wakakiunga kwa vyuma na mpaka leo hakinyooki chote. Mwenye nyumba alikuja hospitali mara moja na juisi ya boksi, basi, sikumwona tena. Hapo sitaki kuparefusha.

Sasa hivi nachora. Nachora vitu vinavyofanana na vitu, yaani sufuria ionekane sufuria na uso wa mtu uonekane wa yule yule mtu, kwa rangi za mafuta. Watu wengi wananiuliza nilianzaje maana nao wameumia, kuna mwenye bodaboda, kuna aliyekatwa vidole na mashine ya mbao, kuna dada aliyekuwa anafua mahotelini kifundo cha mkono kikaisha. Nimeona niandike yote sehemu moja.

Kwanza, kwa nini mafuta. Mi nilianza na akriliki, ile ya maji, kwa sababu ni rahisi kupata. Tatizo ni kwamba inakauka ndani ya dakika 10 au 20, kwa joto letu la mwezi wa pili hata hazifiki, na mkono wangu ukishafanya kazi robo saa unaanza kutetemeka lazima niweke brashi chini nikajinyooshe. Nikirudi rangi imeshakuwa plastiki, ukitaka kulainisha ule mpaka kati ya mwanga na kivuli ndo haiwezekani tena. Rangi ya mafuta haiko hivyo, inakaa mbichi siku 2, 3, nyingine mpaka wiki. Ukalale, ukaende fizio, ukarudi, iko vile vile ulivyoiacha. Kwa mtu aliyeumia hiyo ndo tofauti yote, maana mwili wako sasa hivi hauna haraka na unahitaji rangi ambayo nayo haina haraka.

Na hapa nitoe onyo mapema. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukasema "nipe rangi ya mafuta" utapewa ile ya kupaka milango na madirisha. Sio hiyo. Ile inateleza, inajisambaza yenyewe, haichanganyiki vizuri juu ya picha. Kina Tingatinga walifanya nayo maajabu, mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alitumia rangi za kung'aa za namna hiyo juu ya hadibodi na mtindo ukabaki na jina lake mpaka leo miaka zaidi ya 50 tangu afariki 1972, lakini mtindo ule ni wa rangi bapa na mistari safi. Sisi tunataka kivuli kinachofifia taratibu shavuni. Unachotafuta ni rangi za wachoraji za kwenye tyubu, zinauzwa kwenye steshenari kubwa, Kariakoo zipo, au agiza mtu anayepanda Dar.

Hatua ya 1: upange mwili kabla ya picha

Usinunue kitu chochote kabla hujajua unaweza kukaa vipi na kwa muda gani. Chukua simu, weka saa, kaa kwenye kiti cha kawaida kama unaandika, angalia maumivu yanaanza dakika ya ngapi. Mi ilikuwa dakika 25. Basi kazi yangu nikaipanga ya dakika 20: 20 nimekaa, 20 nimesimama, 20 nimelala chali sakafuni miguu juu ya stuli, halafu narudia. Ukisubiri mpaka uumie ndo upumzike umeshachelewa, kesho yake hutoshika brashi. Muulize na mtu wako wa fizio, mwonyeshe kabisa mkono utakuwa unafanya nini, wa kwangu alicheka lakini akanirekebisha bega.

Na usiseme "mpaka nipone". Yule mama wa Meksiko, Frida Kahlo, basi alilopanda liligongana na tramu tarehe 17 Septemba 1925, alikuwa na miaka 18, mgongo na nyonga zikavunjika, alikuwa anasoma akitaka kuwa daktari. Alianza kuchora akiwa kitandani, mama yake akamtengenezea stendi ya kuchoreshea mtu aliyelala, na kioo kikafungwa juu yake ndo maana akajichora mwenyewe sana. Mi simuigi mtindo wake, ila ile akili ya kuleta stendi kitandani badala ya kumsubiri mgonjwa ainuke niliichukua kama ilivyo.

Vitu vitatu nilivyotengeneza mwenyewe, havina gharama:

Stendi. Mbao za mbili kwa mbili, miguu mitatu, na kile kipande kinachobeba picha nimekifunga kwa bolti na nati ili kiweze kupanda na kushuka, kwa hiyo nikisimama picha inapanda, nikikaa inashuka. Katikati ya picha pawe usawa wa macho yako, sio chini, ukiinama tu umeisha.

Mpini mnene. Brashi za duka zina vijiti vyembamba, ukivibana nusu saa vidole vinakufa ganzi. Nikachukua mpira wa manati, ule unaokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, nikazungushia mpaka ukawa mnene kama hindi changa la shambani. Mtu asiye na nguvu kabisa kwenye vidole anaweza kufungia brashi kwenye kiganja kwa bendeji ya kuvutika. Kulikuwa na Mmarekani anaitwa Chuck Close, alifariki 2021, tayari alikuwa mchoraji mkubwa, mwaka 1988 mshipa wa damu kwenye uti wa mgongo ukamletea kupooza, na alirudi kazini brashi ikiwa imefungwa kwenye mkono.

Fimbo ya kuegemeza. Hii ndo siri yenyewe, wachoraji wa Ulaya wanaitumia tangu zamani. Chukua mpini wa fagio, ncha moja funga donge la kitambaa, egemeza donge pembeni mwa picha, mkono wako wa kuchorea ukalie juu ya fimbo. Kutetemeka kunapungua zaidi ya nusu na wala hugusi rangi mbichi. Mi bila fimbo siwezi kuchora jicho la mtu, na hata wazima nawashauri.

Hatua ya 2: mwanga

Utakutana na ushauri kwamba mchoraji akae kwenye dirisha linaloangalia kaskazini. Hiyo ni ya Ulaya, kwao jua linapita kusini mwaka mzima. Mi nimepiga mapaa najua jua letu linapita wapi: hapa Morogoro kuanzia mwezi wa 3 mpaka mwanzoni mwa mwezi wa 10 saa za mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini ndo lenye mwanga mtulivu. Kuanzia katikati ya mwezi wa 10 mpaka mwisho wa mwezi wa 2 linahamia kusini, hapo natundika shuka jeupe dirishani basi. Usichore kwenye taa ya njano ya usiku halafu ukashangaa asubuhi uso wa mtu umekuwa wa bluu.

Hatua ya 3: kununua, lakini kidogo

Usinunue boksi la rangi 24. Tyubu tano au sita zinatosha mwaka mzima: nyeupe ya titani (chukua kubwa, inaisha kwanza), oka ya njano, nyekundu moja ya kukolea, amba iliyoungua ambayo ni kahawia nzito, bluu ya altramarini, na ukiweza siena iliyoungua, ile kahawia yenye wekundu. Nyeusi mi sinunui, amba ukiichanganya na altramarini inatoa giza zuri kuliko nyeusi ya tyubu, ukizidisha bluu inakuwa giza baridi, ukizidisha kahawia giza la moto. Kuna Msweden anaitwa Anders Zorn anasifika kwa kuchora watu kwa nyeupe, oka, nyekundu na nyeusi peke yake, rangi nne! Kwa hiyo uchache wa rangi sio kisingizio.

Brashi nne: mbili za manyoya magumu, bapa, upana wa kidole na nusu kidole, na mbili laini ndogo. Tapentaini kidogo ya kulainishia rangi, na mafuta ya kitani (linseed). Usikosee ukaweka mafuta ya kupikia kwenye rangi, hayo hayakauki inavyotakiwa, picha itabaki inanata.

Tapentaini inakera kichwa, fungua dirisha, usimimine nyingi, kikombe cha kahawa chenye kifuniko kinatosha. Kuoshea brashi mi situmii kabisa siku hizi, nafuta brashi kwenye karatasi, nazungusha kwenye mafuta ya alizeti, nafuta tena, halafu namalizia na sabuni ya mche kiganjani mpaka povu liwe jeupe. Hakikisha alizeti yote imetoka. Usile huku unachora na usishike rangi kwa vidole, nyingine kama zile za kadimi ni sumu.

Hatua ya 4: ubao

Turubai la dukani ni ghali kwa mtu anayejifunza. Nenda kwa mafundi wa makabati uombe vipande vya MDF au hadibodi, vya sentimita 30 kwa 40, wanavitupa. Piga msasa, paka jeso, ile rangi nyeupe ya kuandalia ubao kabla ya kuchora, tabaka 3 pande zikipishana, kila moja ikauke kabla ya nyingine, piga msasa laini namba 220 katikati. Ukikosa jeso, kwa mazoezi tu, rangi ya maji nyeupe ya ukutani isiyong'aa itakuvusha, ila picha ya mteja usithubutu. Ukitaka kitambaa, ile marekani nene inafaa, ivute kwenye fremu yenye kona za 45, lakini usipake mafuta juu ya kitambaa kitupu, mafuta yanakiozesha taratibu.

Hatua ya 5: chora kitu chako, na upime

Hapa ndo watu wanakata tamaa wanasema "mi sina kipaji". Kiukweli kuchora kitu kifanane ni kupima, zaidi ya nusu ya kazi ni kupima, na kama ulikuwa fundi wa aina yoyote jicho la kupima unalo, hukulivunja ulipodondoka.

Picha yangu ya kwanza ya maana ni nyundo yangu ya kazi. Niliilaza mezani pembeni ya dirisha nikakaa nayo siku 9. Siku ya kwanza niliona nyundo, yaani chuma cha kijivu na mti wa kahawia, nikaona rahisi. Siku ya nne ndo nikaanza kuona kwamba chuma hakina rangi ya kijivu hata kidogo, upande wa dirishani kuna ubluu wa mbinguni, tumbo la chini limekopa kahawia ya meza, na pale usoni panapogonga msumari pana vialama vidogo vidogo kila kimoja kina kivuli chake na nukta yake nyeupe. Na mpini, pale nilipokuwa nakamata, pamekuwa peusi kwa jasho la miaka na pamelainika mpaka panang'aa kuliko sehemu nyingine yote ya mti. Niliishika nyundo ile miaka yote hiyo sikuwahi kuona hapo. Nilipomaliza nikajiona nimefika, mama watoto akapita na ndoo akasimama akasema, "Baba, mpini umeurefusha." Nikabisha. Nikapima, kweli, umezidi karibu sentimita 2.

Kwa hiyo pima hivi. Nyoosha mkono wote, fumba jicho moja, kijiti cha brashi kiwe usawa wa jicho, ncha iguse juu ya kitu na dole gumba liweke alama chini. Hicho ndo kipimo chako kimoja, kichwa cha nyundo mathalani, sasa hesabu mpini una vichwa vingapi, na kwenye picha ufuate hesabu hiyo hiyo. Asiyeweza kunyoosha mkono kama mimi na kiwiko changu, funga uzi kwenye kijiti uung'ate menoni, uzi ukinyooka umbali unakuwa ule ule kila mara.

Timazi nalo, ule uzi wa fundi wenye kizito chini, litoe stoo. Litundike mbele yako, ukiangalia sura ya mtu uone uzi unapita wapi, kona ya jicho iko juu ya kona ya mdomo au imetoka nje, na kwenye picha napo iwe hivyo. Halafu kila baada ya nusu saa piga picha kazi yako na simu uigeuze kichwa chini, kosa litakurukia lenyewe.

Hatua ya 6: tabaka la chini la kahawia

Usianze na rangi nyingi. Chukua amba peke yake, ilainishe na tapentaini iwe kama chai ya rangi iliyokolea, ipake ubao mzima kwa kitambaa. Sasa kwa kitambaa kisafi futa pale penye mwanga. Ndo hivyo tu, mwanga unafuta, kivuli unaacha, giza zaidi unaongeza kwa brashi. Njia hii naipenda kwa sababu mkono mbovu unaiweza, unafuta kwa kiganja chote, huhitaji vidole. Fumba macho nusu ukiangalia kitu chako, vidogo vidogo vitapotea utabaki na mwanga na giza, hivyo viwili vikikaa sawa hapa picha imeshafanikiwa hata kabla hujaweka rangi nyingine. Amba inakauka haraka, siku moja au mbili unaendelea.

Hatua ya 7: rangi juu yake

Sheria moja: konda chini, nono juu. Tabaka la chini linakuwa na tapentaini, mafuta kidogo, na kila unavyopanda unaongeza mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukigeuza, la juu litakauka kabla ya la chini, la chini likija kukaza linapasua la juu, picha inakuwa kama jaruba la mpunga mwezi wa 9. Ilinitokea kwenye picha ya mtungi, ikabidi nikwangue.

Anza na kivuli, halafu rangi ya katikati, mwanga mkali weka mwisho na weka mnene. Kwa ngozi zetu usichanganye kahawia na nyeupe ukadhani umemaliza, utapata rangi ya majivu. Mwangalie mtu mweusi amekaa dirishani: paji la uso linapong'aa pana ubluu, maana ndo mbingu inajionyesha pale, mashavu na masikio yana wekundu, kivuli cha chini ya kidevu kina moto wa siena. Nyeupe iwe ya mwisho kuitafuta.

Halafu lala. Kweli, ukiona unaanza kulazimisha, geuza picha iangalie ukuta, funika na boksi lisiguse rangi kwa sababu ya vumbi, nenda kalale. Mdudu akinasa usimvute akiwa mbichi, subiri ikauke umtoe na pini.

Hatua ya 8: matambara, soma hii hata kama umeruka nyingine

Kitambaa chenye mafuta ya kitani ukikikunja ukakitupa kwenye kona kinaweza kuwaka chenyewe. Sio uchawi wala hadithi, mafuta yale yakikauka yanatoa joto, kitambaa kikiwa kimekunjwa joto halitoki, linajikusanya mpaka moto. Mi nina kopo la bati la maziwa lenye kifuniko, nusu lina maji, kila jioni matambara yanaingia humo, na kopo linakaa nje.

Hatua ya 9: hela

Nisikudanganye, mwaka wa kwanza sikuuza kitu. Kilichoniletea wateja ni sura za watu, hasa za wazee waliotangulia. Mtu anakuja na pasipoti saizi ya baba yake ya miaka ya sabini, imekunjika katikati, anataka picha ya sebuleni. Mwambie asikutumie kwa WhatsApp kama picha, inaminywa, atume kama dokumenti, au bora akuletee yenyewe. Chukua nusu ya hela kabla hujagusa ubao. Mwambie kabisa wiki 4, akikwambia harusi ni Jumamosi mwelekeze kwa watu wa kuprinti. Panga bei kwa saizi ya ubao, usipange kwa huruma, kuna watu wakijua umeumia wanataka kukupa "ya dawa" badala ya bei. Vanishi usipake mapema, miezi 6 mpaka mwaka, kwa hiyo mwambie mteja atairudisha siku hiyo, na akirudi mara nyingi anakuja na ndugu yake naye anataka.

Ukitaka kujichanganya na wenzio, Dar pale Mikocheni kuna Nafasi Art Space wana maonyesho na studio za wasanii, na Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa, kwa anayetaka kusoma kabisa. Mi safari ndefu ya basi mgongo haiipendi, nimeenda Nafasi mara moja tu, nikasimama mbele ya picha moja mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Kwa sasa kwenye stendi nina bibi wa mtaa wa pili, kaagizwa na wajukuu zake. Uso umeisha, khanga nimeacha katikati kwa sababu sikio la kushoto bado bichi na mkono wangu ukipita pale utaliburuza. Litakuwa limeshika Jumamosi.